Jumamosi Moja Wusakile

Tarehe naikumbuka kwa sababu ya mpira. Usiku ule Thierry Henry aliifungia Ufaransa bao pekee, Brazil ikafungasha virago vya Kombe la Dunia, na mimi nilikuwa nimekalia kreti la bia lililopinduliwa katika kilabu kimoja cha Wusakile, mjini Kitwe, Zambia. Pembeni yangu mzee wangu, mwenye miaka 71, alikuwa anasinzia ndani ya kabuti lake. Ilikuwa Jumamosi, Julai 1, 2006. Kelele zilipolipuka akafumbua macho, akauliza, "Zamu imetoka?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua hatanii.

Kwetu ni Ihanda, Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya; Mkoa wa Songwe ulikuja kumegwa mwaka 2016. Malori ya Zambia na Kongo yalitupita usiku na mchana kama yanavyotupita leo, na watoto wetu walijua kuyahesabu kabla hawajajua kusoma. Lakini ukimuuliza mtu yanakwenda wapi, jibu lilikuwa "Tunduma", basi. Ng'ambo ya Tunduma ilikuwa dunia ya wazee. Wazee wa Unyiha, kama wenzao wa Unyakyusa, walikwenda huko enzi za mkoloni kuchimba shaba, na waliporudi walirudi na baiskeli, suti, gramafoni, na maneno ya Kibemba ya kutukania.

Mzee hakuwahi kusema Kitwe. Alisema Nkana, jina la mgodi, kana kwamba mji ni kivuli tu cha shimo. Alikwenda mwaka 1954 akiwa na miaka 19, kwa miguu hadi Tunduma, na kutoka hapo juu ya magunia ya lori. Akapangiwa kupakia mawe kwa sepetu chini ya ardhi, kazi ikihesabiwa kwa tikiti: zamu 30 zikijaa ndipo unakwenda dirishani kuchukua mshahara. Kabla hajalizoea giza, Januari 1955, chama cha wachimbaji weusi chini ya Lawrence Katilungu kikaitisha mgomo uliokwenda siku 58. Sisi watoto wake tuliusikia mgomo ule mara nyingi kuliko hadithi za sungura na fisi. Alirudi nyumbani 1965, mwaka mmoja baada ya Zambia kupata uhuru, akapanda kahawa, akaezeka bati. "Bati hili ni shaba," alikuwa akituambia mvua ikinyesha, na mama alikuwa akimjibu kuwa shaba haivuji.

Tangu Pasaka ya mwaka ule alikuwa amenishika: nimpeleke akaone Nkana kabla hajafa. Nilikubali haraka kuliko alivyotegemea, maana nami nilikuwa na langu. Nilifanya kazi miaka tisa katika kiwanda kimoja Mbeya mjini. Kikayumba, kikafungwa katikati ya miaka ya tisini, tukapunguzwa wote, na baadaye nikaziona mashine nilizozipaka grisi kwa mkono wangu zikipakiwa kama vyuma chakavu. Nikarudi Ihanda kwenye kahawa ya baba. Sasa madereva wa malori, wakisimama kunywa chai, walikuwa wanasimulia kwamba miji ya shaba ya Zambia, ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa imekufa, imefufuka: watu wanalipwa, hoteli zimejaa, huwezi kupata pa kuegesha. Nilitaka kuuona kwa macho yangu mji wa viwanda uliokufa ukaamka. Mimi nilikuwa nimeona wa kufa tu.

Tulivuka Ijumaa. Mpaka wa Tunduma na Nakonde wa siku hizo haukuwa na jengo la pamoja la forodha lililofunguliwa Oktoba 2019. Ilikuwa vumbi, foleni ya malori, vijana wa kubadilisha pesa wenye mabunda mikononi, na watu wa pande mbili wanaovuka kununua sukari kama wanaokwenda kwa jirani. Kadi zetu za homa ya manjano zikatazamwa, pasi za dharura zikagongwa muhuri, na hatua ishirini mbele tukapewa saa nzima ya bure, kwa kuwa Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mzee alitoa saa yake ya mkononi akairudisha nyuma kwa makini sana. "Mwaka 1954," akasema, "hatukuwa na saa ya kurudisha."

Kwacha ilinishtua. Nilikuwa nimezoea kusikia kuwa ni pesa ya karatasi tupu, lakini mwaka ule ilikuwa imepanda, na mabunda yangu ya shilingi yalinunua kidogo kuliko nilivyopiga hesabu nyumbani. Hiyo ilikuwa habari ya kwanza ya shaba, na tulikuwa bado hatujaondoka stendi.

Kutoka Nakonde hadi Kapiri Mposhi ni zaidi ya kilomita 800, kisha kama 170 nyingine hadi Kitwe. Basi lilijaa kupita kiasi, kwa sababu Jumatatu ya kwanza ya Julai Wazambia huadhimisha Siku ya Mashujaa na Jumanne yake Siku ya Umoja, hivyo kila mwenye ndugu kusini alikuwa njiani. Tairi lilipasuka karibu na Mpika usiku wa manane. Baridi ya Julai ya huko haina adabu. Abiria wakawasha moto wa majani kando ya lami, na hapo ndipo nilipomsikia mzee wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, akizungumza Kibemba kwa kirefu. Kilikuwa Kibemba cha zamani, nadhani, maana vijana walikuwa wanatazamana na kutabasamu, lakini walimwita Bashikulu, babu, na mmoja akampa blanketi.

Tukaingia Kitwe saa nne asubuhi ya Jumamosi. Ilikuwa mwisho wa mwezi.

Neno hilo halina uzito Ihanda, ambako pesa huja na msimu wa kahawa. Kitwe mwisho wa mwezi ni sikukuu. Foleni za mashine za pesa zilikunja kona. Teksi za buluu zilikuwa zinagombea abiria, maduka yamepakwa rangi mpya, muziki kila mlango. Kwenye eneo la viwanda, lango baada ya lango, mafundi walikuwa wanachomelea, wanafufua pampu, wanabadilisha matairi makubwa kuliko nyumba ya mbuzi. Nilisimama nikanusa grisi. Niseme ukweli, macho yalinilenga.

Hesabu za ufufuo ule nilizijua baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Zambia ilikuwa inatoa zaidi ya tani 700,000 za shaba kwa mwaka. Bei ikaporomoka katikati ya muongo huo, mashirika yaliyotaifishwa yakakosa fedha za mashine, na kufika mwaka 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 250,000. Kati ya 1997 na 2000 serikali ikaiuza migodi vipande vipande. Nkana na Mufulira zikaenda kwa kampuni ya Mopani. Watu walipunguzwa kwa maelfu. Kisha China ikaanza kununua shaba kama mtu anayejenga nyumba ya kila ndugu yake: tani iliyokuwa haifiki dola 2,000 mwaka 2002 ikapita dola 8,000 Mei 2006, wiki chache kabla hatujapanda basi. Juu ya hayo, madeni makubwa ya Zambia yalikuwa yamefutwa.

Mzee hakutaka hesabu. Alitaka nyama.

Alinipeleka moja kwa moja Shoprite, duka kubwa kuliko yote aliyowahi kuingia, akasimama mbele ya jokofu la nyama. Nikadhani amechoka. Kumbe anakumbuka. Enzi zake, mweusi hakuruhusiwa kuingia kwenye bucha za mjini. Palikuwa na kidirisha ubavuni mwa duka. Unaingiza pesa, unatolewa furushi, ukifungua nyumbani unakuta mifupa. Watu waligomea maduka katika miaka ya hamsini mpaka vidirisha vikazibwa. Sasa yeye akachukua pakiti moja, akaigeuza chini juu, akairudisha. Akachukua ya pili. Akairudisha. Akafanya hivyo kwa pakiti saba au nane, taratibu, huku mfanyakazi wa pale akimtazama kwa mashaka. Mwishoni akanunua ndogo kuliko zote, nusu kilo, akaikumbatia. Tulipotoka akanionyesha kwa kidevu Hotel Edinburgh, akasema ile hakuwahi hata kuikaribia, na leo hana haja nayo.

Soko la Chisokone ndilo lililonimaliza mimi. Nililiingia nikitafuta viazi vya kumpelekea mwenyeji wetu, nikatoka baada ya saa mbili. Ni msitu wa vibanda ambao hauna mwanzo wala mwisho: mitumba, redio, dawa za kienyeji, kapenta, yaani dagaa, wakavu kwenye mabeseni, sufuria za alumini zinazofuliwa hapo hapo. Katikati yake mama mmoja alikuwa ameketi nyuma ya gunia la vijimizizi vidogo vya kahawia, kama viazi vitoto vyenye nywele. Nilivijua. Nilikuwa nimeviona kwa magunia Tunduma bila kujua kazi yake. Ni chikanda, mizizi ya maua ya porini. Wao huitwanga, wakachanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, wakapika mpaka igande kama mkate mzito, kisha wakaikata vipande kama soseji nene. Alinionjesha. Ina ladha ya udongo na karanga, na ukimaliza kipande unakitafuta kingine.

"Inatoka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenu," akanijibu kwa Kiswahili cha kukwaruza. "Makete. Yetu huku tulishaimaliza."

Mwaka mmoja tu nyuma nchi yetu ilikuwa imeifanya Kitulo, bustani ya maua hayo hayo, hifadhi ya taifa. Na hapa yalikuwa yanaliwa na watu waliopokea mshahara jana. Nikauliza na bei ya maharage. Alipoitaja nikamwomba arudie, nikaigeuza kuwa shilingi kichwani, nikaigeuza tena. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Ihanda. Sikusema kitu. Nikamshukuru kwa neno pekee la Kibemba nililokuwa nimejifunza njiani, natotela, naye akacheka matamshi yangu.

Jioni tukaenda Wusakile, mtaa wa wachimbaji alikoishi mzee miaka kumi na moja. Njiani tukapita chini ya mlima mweusi, mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa tangu miaka ya thelathini, usioota hata jani. "Huo tuliumwaga sisi," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha shamba lake.

Mwenyeji wetu alikuwa mjane wa swahiba wake, Mnyiha mwenzake aliyeoa huko na kubaki. Swahiba huyo alifariki 1999. Mimi nilimwita mama mdogo, naye akaniita mwanangu kabla sijatua begi. Nyumba ilikuwa ile ile ya mgodi: matofali, vyumba vidogo, namba mlangoni. Wakati wa uuzaji wa migodi nyumba hizi waliuziwa waliokuwa wakizikaa, gharama ikikatwa kwenye kiinua mgongo chao. Wengi walipata nyumba na senti za kuhesabia vidole. Zamani, mama mdogo akasimulia, mgodi ulifanya kila kitu. Globu ikiungua unakwenda ofisini, unapewa nyingine. Sasa barabara ya mtaa ilikuwa mashimo matupu na maji ya bomba yanakuja yanapotaka.

Lakini uwanja wake! Fundi cherehani alikuwa kwenye veranda, akilipa kodi kwa wiki. Nyuma, vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, vyote vina wapangaji. Getini palikuwa na kantemba, ndivyo wanavyokiita kibanda cha biashara, iliyojaa mkaa wa vifurushi, sabuni za kukata, mafuta ya kupima na vocha za simu. Mama mdogo aliendesha yote hayo kutoka kwenye kigoda kimoja jikoni, akipiga kelele kupitia dirishani. Mwaka 1998, alisema, walipopewa karatasi ya nyumba, mumewe alikaa chini akalia. Yeye akaenda kukopa debe la mkaa.

Mkwe wake alirudi saa moja usiku, uso mweupe kwa vumbi la mawe. Alikuwa anafanya kazi shimoni, ila si kwa mgodi wenyewe. Kampuni ya kandarasi ilikuwa imemwajiri kwa miezi sita, ikiisha anaomba upya, na mshahara wake ulikuwa chini ya wa mwenzake aliyeajiriwa na mgodi, wakishuka kwa lifti moja. Mzee alikuwa anatafuna nyama yake ya Shoprite. Akaacha.

"Hiyo ni tikiti," akasema.

Kijana hakuelewa. Mzee akamweleza: zamu 30, dirisha, tena zamu 30, tena dirisha. Sasa zimekuwa miezi sita, lakini ni tikiti. Kisha akaniangalia mimi, akaniuliza kwa Kinyiha, ili wenyeji wasielewe, kama hiki ndicho nilichokuja kukiona. Sikuwa na jibu, tukaenda kutazama mpira.

Kilabuni walizungumza siasa zaidi ya mpira. Michael Sata, mgombea urais wa upinzani, Michael Sata, kila meza. Septemba ile alipata kura nyingi katika miji ya shaba lakini urais ukabaki kwa Mwanawasa, na niliposikia matokeo redioni Ihanda sikushangaa hata kidogo. Watu wale hawakuwa na hasira ya njaa. Walikuwa na hasira ya mtu anayesikia harufu ya pilau kwa jirani.

Jumapili baada ya kanisa mzee akataka kufika getini. Hatukuwa na kibali, hivyo tukaishia kwenye kizuizi. Kutoka pale unaona mnara wa chuma wa kushushia watu shimoni na magurudumu yake yakizunguka. Alisimama ameshika kofia mkononi, akayatazama yakizunguka, yakasimama, yakazunguka upande wa pili. Mlinzi, kijana mpole, akatoka na daftari la wageni akamwomba jina na namba. Mzee akataja jina, kisha akataja kwa sauti ya askari tarakimu tano. Ilikuwa namba yake ya mgodi, ya mwaka 1954. Mlinzi alitaka ya simu.

"Haijatimia, Bashikulu," akasema.

"Imetimia," mzee akajibu, akavaa kofia yake, tukaondoka.

Tuliondoka Jumatatu. Hakuzungumza mpaka Serenje, ndipo akanipa hukumu yake: mji umepona, mgodi haujapona, na wanaosema mgodi ndio ulioponya mji hawajamwona yule mjane. Nilipenda maneno yale na niliyarudia kwa watu kwa miaka miwili. Kisha mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ikaanguka hadi chini ya dola 3,000, mkwe akakosa mkataba, wapangaji wawili wa mama mdogo wakahama, na kantemba ikabaki ikiuza mkaa kwa mkopo. Bei ikapanda tena mwaka uliofuata, vyumba vikajaa. Kwa hiyo mzee alikosea, angalau nusu. Kantemba hula kwenye sahani ya shimo. Ninachojua ni kwamba tulipofungiwa kiwanda Mbeya, mimi na wenzangu tulikaa karibu miaka minne tukisubiri mtu wa kuja kukifungua. Mama mdogo hakusubiri hata wiki.

Mzee alifariki 2011. Hakuona mlima wake mweusi ukiporomoka Juni 2018 na kuua vijana kumi waliokuwa wakichokoa mabaki ya shaba, wala hakusikia kwamba Mopani ilirudi mikononi mwa serikali mwaka 2021, na kwamba mwaka 2024 asilimia 51 ikaenda kwa kampuni ya Falme za Kiarabu. Mkwe bado yuko shimoni.

Julai 2007, mwaka mmoja kamili baada ya safari ile, nilivusha magunia 12 ya maharage ya Ihanda. Yalilala kwa mama mdogo usiku mmoja, kwenye veranda ya fundi cherehani, asubuhi yakaenda Chisokone kwa mkokoteni. Siku ya tatu yalikuwa yamekwisha. Biashara hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka leo.